Mikanda Mitano Kutoka Darini

12 Machi

Mvua ya kwanza imeingia, na dari ya chumba cha wageni imevuja palepale inapovuja kila mwaka. Nilimwita Fundi Bati, ambaye kila mwaka huniapia kwamba safari hii ameliziba paa langu moja kwa moja. Alipanda juu na tochi mdomoni, akashuka na kopo la biskuti lenye kutu. "Mama, na hili tulitupe?"

Nililifungua nikiwa nimesimama kwenye maji. Ndani mlikuwa na mikanda mitano ya picha, ile mipana ya kamera ya studio, kila mmoja umeviringwa kwenye karatasi yake na kufungwa kwa utepe. Maana yake imeshapigwa, haijasafishwa. Mwandiko wa marehemu mume wangu ulikuwa juu ya kila utepe, lakini unyevu umeula wote, hakuna kinachosomeka. Miaka kumi na tisa yuko kaburini, na muda wote huo kazi yake ilikuwa juu ya kichwa changu.

Sikulia. Nilijisemea, hii naisafisha mwenyewe. Nimekaa miaka thelathini na moja kwenye chumba cha giza cha hospitali nikisafisha eksirei. Marehemu, mpiga picha, alikuwa akiwaambia wateja wake, "Mimi nawapiga nje, mke wangu anawapiga ndani." Kama mtaani hapa kuna mtu anayeiweza kazi hii, ndiye huyu anayeandika.

13 Machi

Nimefungua daftari hili kwa ajili ya mikanda. Hospitali kila filamu iliandikwa daftarini siku ileile, iwe imetoka vizuri au imeharibika. Na iliyoharibika haikutupwa. Ilikaushwa, ikatiwa kwenye bahasha, ikaandikwa. Mkubwa wetu wa kazi alikuwa hana mzaha na hilo: si wewe mwenye mgonjwa, usiamue wewe kipi ni takataka.

15 Machi

Wifi amekuja. Fundi Bati na mdomo wake, bila shaka.

Wifi ni dada pekee wa marehemu, fundi cherehani tangu usichana wake, na toka msiba ule tunasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Sababu inajulikana na ukoo mzima. Wiki tatu baada ya mazishi niligawa vitu vyote vya studio, kamera, mataa, mapazia, kwa kuwa nilikuwa siwezi kupita mbele ya mlango ule. Sikumuuliza. Tangu hapo kwake nina jina moja tu: mtu wa kutupa.

"Nimesikia kuna vitu vya kaka vimeonekana," alisema akiwa bado mlangoni.

"Pita ndani kwanza, wifi, unalowa."

"Vimeonekana au havijaonekana?"

Nikamwonyesha. Hakuigusa mikanda. Aliitazama tu, mikono kaificha chini ya mtandio, kisha akaketi bila kukaribishwa.

"Mama yumo humu," alisema.

Mama mkwe wangu hakuacha picha hata moja. Alikuwa hana meno ya mbele, na kila mwanawe alipomwelekezea kamera alijiziba mdomo kwa kiganja, akasema, "Ngoja nipate meno." Meno alikuja kutengenezewa mwishoni kabisa. Akakaa nayo mwezi mmoja, akafariki. Mwanawe akamfuata kabla ya miezi miwili kwisha, moyo ulisimama akiwa anafunga studio.

"Aliniambia kwa mdomo wake," wifi aliendelea. "'Leo kaka yako kanipiga picha, na nimecheka mpaka nikachoka.' Mwaka ule mlinijibu hakuna kitu studio."

"Sikuwa najua kuna kopo darini."

"Sikulaumu." Alikuwa ananilaumu. "Wifi, mvua zikikatika mwanangu anakuja kunichukua, nakwenda kuishi kwake. Kule ni mbali, kurudi sirudi. Sitaki kuondoka bila sura ya mama. Sauti yake ninayo, mikono yake ninayo. Uso unanipotea. Nikifumba macho hauji."

Hapo nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulitegemea. Halafu akaharibu. "Basi nipe mimi, nitafute mtaalamu."

"Mtaalamu ndiye mimi."

"Wewe ni wa mifupa."

"Na mifupa ilikuwa inajisafisha yenyewe?" Nikasimama kabisa. "Kabla mvua hazijakatika, mama yako utakuwa naye mkononi. Nimesema."

17 Machi

Daktari wa meno wa mtaa wa pili sasa anapiga meno kwa kompyuta, na dawa zake za zamani zilikuwa zimekaa tu kabatini. Amenipa zote. "Mama Eksirei, hizi ni za vifilamu vya meno, za kidole kimoja," aliniambia. Nikamjibu kwamba dawa haijui kama inasafisha jino au bibi harusi, kinachobadilika ni vipimo na dakika.

18 Machi

Maji ya bomba yanatoka mekundu kwa tope. Nitatumia ya mvua. Ninayaacha ya nusu saa ya kwanza yaoshe bati, ndipo ninapoweka ndoo.

20 Machi

Lile kopo jeusi la kusafishia la marehemu, lisilopitisha mwanga, nililipata jikoni. Nilikuwa natunzia vifungo. Na gurudumu lake la plastiki lipo, lile lenye mfereji wa kupitishia mkanda. Mtu wa kutupa, eti!

22 Machi

Naandika yote, kama nilivyofundishwa.

Saa nne asubuhi nilijifungia stoo. Dirisha nililiziba kwa blanketi, chini ya mlango nikasokomeza taulo. Nikaning'iniza ile taa nyekundu waliyonizawadia wenzangu nilipostaafu, taa ileile niliyofanya nayo kazi miaka yote. Nilijisikia vizuri mno. Nikakata utepe wa mkanda wa kwanza, nikautenga na karatasi yake, nikaupitisha kwenye mfereji taratibu, bila papara, naimba. Ilichukua kama dakika tano. Nikaufungia koponi, nikamimina dawa ya kwanza, nikahesabu dakika zangu, nikaimwaga, nikatia ya pili, nikasuuza kwa maji ya mvua mara sita.

Nikaufungua. Ni mweusi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama sufuria la kuni.

Kwanza nililaumu dawa. Nikalaumu miaka kumi na tisa ya joto la darini. Kisha macho yangu yakaiona ile taa, bado inawaka kwa raha zake. Filamu ya eksirei haioni nyekundu. Unaweza kuishika chini ya taa ile mchana kutwa. Filamu ya kamera inaona rangi zote, nyekundu ikiwa mojawapo. Nimeuchoma kwa mikono yangu.

Lakini studio nako kulikuwa na taa nyekundu! Naikumbuka. Nilikaa sakafuni nikifikiri mpaka likanijia. Ile ilikuwa ya kuchapia, ya karatasi. Mkanda marehemu aliusafisha gizani kabisa, na akiwa gizani alikuwa akipiga mluzi. "Ukinisikia mluzi," alikuwa akisema, "usifungue mlango hata nyumba ikiungua." Miaka ishirini na minne nimeishi na mluzi ule nikidhani ni furaha yake tu.

Mtu asiyejua kitu angesoma maelekezo na asingekosea. Kosa hili linamtaka mtu mwenye miaka thelathini na moja kazini.

Nimeukausha hivyohivyo, nimeutia bahasha, nimeandika: 1. Umeharibika.

23 Machi

Wifi kapita. "Vipi?"

"Wa kwanza haukuwa na kitu," nilimwambia.

Nimesema uongo nikiwa namtazama usoni.

29 Machi

Mvua. Gumba la kushoto linauma, kama kila masika.

31 Machi

Mkanda wa pili, giza totoro, hakuna taa ya rangi yoyote. Umetoka! Vichwa kumi na viwili vya vitambulisho, weupe umekuwa weusi na weusi umekuwa weupe, lakini safi, unahesabu hata vifungo vya shati. Mmoja ni Fundi Bati akiwa na nywele. Ilibidi nimwite aje ahakikishe mwenyewe, akaniomba nisimwonyeshe mkewe, maana alimwambia kipara ni cha kuzaliwa.

Sikufurahi sana kama nilivyotakiwa. Mkanda umekunjika sehemu mbili kwa sababu gumba halikuusikia mfereji. Mikanda mitatu imebaki na siwezi kucheza nayo.

2 Aprili

Nimemwendea wifi kwake, nikamwambia nahitaji vidole vyake. Alinitazama kuona kama namtania. Mtu anayetunga uzi kwenye sindano bila kuangalia, huku anasema na mteja, ndiye ninayemhitaji. Nimemwachia mkanda mwingine mbovu wa majaribio, si wa marehemu, na gurudumu, ajizoeze macho amefumba.

5 Aprili

Anauingiza mkanda kwa dakika moja na nusu. Mimi nilikuwa nachukua tano. Sijamwambia.

9 Aprili

Mkanda wa tatu. Tuliingia stoo wote wawili baada ya saa tatu, mvua inapiga bati hata kusikilizana ni kwa kukaribiana. Nikazima taa. Mara wifi akaanza kupiga mluzi, polepole, ule ule.

Nikamuuliza umetoka wapi mluzi huo.

"Wa baba. Kaka alikuwa anauiga. Nikiwa na kazi ngumu mkononi hunitoka wenyewe." Akaendelea.

Nilisimama gizani na kopo mkononi nikilia kimyakimya, naye hakujua, au alijua. Mkanda umetoka arusi ya watu tusiowajua. Mama hayumo. Lakini tulikunywa chai pamoja baadaye, na ameniambia mapazia yangu yameshonwa na mtu mwenye haraka.

11 Aprili

Wifi kaja kuyafumua mapazia.

16 Aprili

Mkanda wa nne ni mtupu kabisa, angavu kama kioo. Haukupigwa kitu. Wifi akasema kaka yake alikuwa msahaulifu tangu utotoni, siku moja alikwenda shule na viatu viwili vya kushoto. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Alikuwa mume wangu na nilikuwa sijawahi kuisikia hadithi hiyo, kwa sababu mwenye hadithi zake nilikuwa simwongeleshi.

Mmoja umebaki. Tuseme miwili, pamoja na ule niliouchoma, lakini wifi hilo halijui.

19 Aprili

Sijalala vizuri. Kila akiniita wifi kwa sauti hii mpya naona aibu.

24 Aprili

Leo tumeusafisha wa tano, na nimesema.

Sikupanga. Tulikuwa gizani, yeye ameshaanza kuuingiza mkanda, mluzi unakwenda. Akaukatisha, akasema, "Wifi, naomba unisamehe. Miaka yote hii nimekuwa nikikuita mtu wa kutupa. Hata kopo la kaka umelitunza."

Nikamwambia, "Subiri. Usiombe msamaha kabla hujanisikia."

Nikamwambia yote: taa nyekundu, dakika tano, uongo wa siku ya pili yake. Nikamwambia pengine mama alikuwa kwenye mkanda ule, na kama alikuwemo basi nimemchoma mimi, kwa kujiona najua.

Nilisikia mvua tu, na mlio mdogo wa plastiki ikizunguka. Hakuweza kutoka wala kuwasha taa wala kunitupia kitu, maana mkanda wa mwisho ulikuwa umefika katikati, na vidole vyake havikusimama hata kidogo. Aliumaliza. Akanipa gurudumu mkononi gizani, nikalifungia.

"Washa," alisema.

Uso wake sikuweza kuutazama. Nilimimina dawa, nikahesabu, nikamwaga, nikasuuza. Alikaa muda wote kwenye kiti cha stoo. Nilipoufungua nilishusha blanketi, nikaunyoosha mbele ya dirisha ili auone yeye kwanza. Jengo la shule, walimu wamejipanga, walimu wamekaa, bendi ya shule. Kumi na mbili zote.

Akachukua mwavuli wake. Mlangoni akasema, "Ungeniambia siku ile, ningekasirika siku ile. Sasa umenifanya nikuzoee kwanza."



28 Aprili

Mvua. Hajaja.

2 Mei

Nilipeleka mfuko wa vifungo vyake alivyosahau. Mpangaji mwenzake akavipokea mlangoni.

6 Mei

Mvua zinapungua. Kwa mara ya kwanza maishani naziomba zisikatike.

11 Mei

Jino limeniuma siku tatu, leo nikashindwa, nikaenda kwa daktari wa meno. Akanilaza kitini, akavuta ile taa yake kubwa, akanimulika. Nikafumba macho, na bado mwanga ukapenya kope.

Hapo nikamkumbuka daktari mmoja wa hospitali, mzee wa mifupa. Tukimpelekea filamu iliyotoka nyeusi kupita kiasi, tukitaka ruhusa ya kumpiga mgonjwa tena, alikuwa haitazami kwenye kisanduku cha taa cha kawaida. Alikuwa na taa yake kali pembeni. Anaisogeza filamu pale na anasema, "Nyeusi si tupu." Na mara nyingi mfupa ulikuwepo.

Niliinuka na pamba mdomoni. Daktari akadhani amenigusa mshipa.

"Kesho nije na wifi yangu na mkanda?" nilimuuliza, na kwa pamba ile ilibidi nirudie mara tatu.

Nilikuwa na bahasha nyumbani. Ningeweza kurudi nayo leo hii na kutazama peke yangu kwanza, nijue kama nina habari njema au la. Sikufanya hivyo. Nilikwenda kwa wifi, nikasimama mvuani nje ya dirisha lake, nikasema kwa sauti, "Ule mkanda nilioharibu ninao. Sijautupa. Kesho saa tatu, kwa daktari wa meno. Pengine hakuna kitu. Lakini safari hii tutajua pamoja."

Cherehani ikasimama.

12 Mei

Alikuwa amefika kabla yangu, amekaa kwenye benchi la wagonjwa na mkoba magotini.

Daktari akafunga mapazia. Tuliubana mkanda kati ya vioo viwili, akaisogeza taa nyuma, karibu kabisa. Picha ya kwanza, weusi. Ya pili, weusi. Nilikuwa nasogeza kioo kwa vidole vyangu. Ya tano, ya sita, hakuna. Wifi alikuwa ameanza kufunga mkoba.

Kwenye ya saba kulikuwa na weusi, na ndani ya weusi weusi zaidi, mstari mmoja uliopinda. Sikuuelewa. Daktari ndiye aliyeinama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Haya meno nayajua," alisema. "Nimeyatengeneza mimi! Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kazi. Mnaliona hili la pembeni limelala? Nilitaka kumtengenezea upya, mama akakataa. Akasema yakinyooka sana watu watajua si yake."

Nikaelewa, na nikamshukuru kila aliyewahi kunifundisha kazi. Kwenye mkanda kinachong'aa ndicho kinachotoka cheusi kuliko vyote. Nilikuwa nimeumwagia mwanga mkanda mzima, nikafuta vivuli vyote, lakini kilichokuwa cheupe kuliko mwanga wangu kilibaki juu yake. Meno mapya. Na kadiri macho yalivyozoea, vikafuata vingine: mvi, mashavu, paji la uso. Daktari akaipiga kwa simu, akaigeuza, weusi ukawa weupe, akaipeleka kwenye kompyuta yake.

Mama mkwe alikuwa anacheka. Macho hayaonekani, lakini hata siku ile hayakuonekana, yamefumbwa kwa kicheko. Kiganja kiko kifuani, kimeteremka. Hakuziba kitu.

Wifi alijiziba mdomo kwa kiganja, vilevile alivyokuwa akifanya mama yake, akabaki hivyo. "Ndiye," alisema hatimaye. "Ndiye huyo. Jamani, ndiye."

Akanishika mkono. Tulitoka hatuna mwavuli, ameusahau kwenye benchi, na hakuna aliyerudi kuufuata.

13 Mei

Daktari kauleta mwavuli mwenyewe. Na jino lile hakulimaliza. Imebidi nirudi.

20 Mei

Wifi anashinda hapa. Mapazia yamekwisha. Picha imechapwa kubwa, imetiwa fremu, na bahasha yenye mkanda amekaa nayo yeye tangu siku ile. Ni yake, sikuuliza.

27 Mei

Jua tangu asubuhi. Mwanawe amekuja na gari, amempakia mama yake, cherehani, na Mama, kwenye fremu yake, akiwa amefungwa kwenye mashuka mawili. Fundi Bati alikuja kuaga na akachukua nafasi hiyo kuniambia paa sasa limepona kabisa.

Wifi alinikumbatia kwa muda. Kisha akatoa bahasha mkobani. "Picha ninayo. Huu mkanda kaa nao wewe, wifi. Kwako hakipotei kitu."

Nilisimama barabarani hadi gari likapotea. Nilipoingia stoo kuihifadhi ndipo nilipoitazama bahasha kwa karibu. Neno langu, "Umeharibika", limekatwa mstari mmoja ulionyooka, wa mtu aliyezoea kukata kitambaa. Chini yake ameandika kwa ile penseli yake ya kuwekea alama: Mama, siku alipopata meno.